Mfumo Mpya Umefika, Daftari la Zamani Lingali Mezani

Ofisi inapoingia kwenye teknolojia ya kufanya kazi kwa pamoja, yaani mfumo ambamo watu wengi huandika, husoma, huidhinisha na kufuatilia jambo moja bila kubebeana karatasi, kinachobadilika kwanza ni nani anajua nini. Viti vinabaki vilevile na watumishi walewale. Lakini barua ambayo mtu wa masjala peke yake ndiye aliyejua ilipo, sasa inaonekana na wakuu watatu kwa wakati mmoja. Taarifa ambayo mwalimu mkuu aliiandika kwa mkono na kuipeleka mwenyewe kwa Afisa Elimu Kata, sasa inaweza kusomwa Dodoma kabla yule wa kata hajaiona. Mabadiliko ya namna hiyo yanagusa madaraka, mzigo wa kazi na aibu za watu. Fundi wa kompyuta hana dawa yake, na ndiyo maana mabadiliko hayo mara nyingi hukwama mahali ambapo hakuna aliyepatazama.

Utumishi wa umma Tanzania umepita katika wimbi kubwa la mifumo ya aina hii kwa muda usiozidi miaka kumi na tano. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 ikaifanya kuwa Mamlaka kamili, maarufu kwa jina la eGA. Katika kipindi hicho malipo ya Serikali yakahamia GePG, majalada yakahamia e-Office, mipango na bajeti za halmashauri zikahamia PlanRep ya mtandaoni, hesabu za shule na zahanati zikaingia FFARS, malipo ya taasisi yakaingia MUSE, ununuzi ukaingia NeST, na upimaji wa watumishi ukaingia PEPMIS. Kila mmoja kati ya mifumo hii una sababu yake nzuri. Shida haimo katika mfumo mmoja mmoja.

Msamala, moja ya kata za Manispaa ya Songea, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa ngazi ya kata ndiko mifumo ya wizara zote inakokutana juu ya meza chache. Mtendaji wa Kata anawajibika kwa Mkurugenzi wa Manispaa, ni katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, anawasimamia watendaji wa mitaa, na anafuatilia mapato. Jirani yake wapo Afisa Elimu Kata na walimu wakuu, na wapo wahudumu wa afya. Mfumo wa ununuzi una wenyewe, wa fedha za vituo una wenyewe, wa utumishi una wenyewe. Waliouunda mmoja hawakukaa meza moja na waliouunda mwingine kuuliza yule wa kata atapata wapi saa za kuijaza yote. Jumla ya mzigo huo hujulikana kwa anayeubeba tu.

Mfano unaoonyesha vizuri kinachotokea ndani ya ofisi ni e-Office. Ili kuelewa mfumo huu ulibadili nini, lazima kwanza njia ya zamani ya barua ikumbukwe. Barua hufika masjala, hugongwa mhuri wa kupokelewa, huandikwa kwenye rejista, hutobolewa na kufungwa ndani ya jalada ikiwa na namba yake ya folio. Mhudumu hulibeba jalada hadi kwa mkuu, na kitabu cha kusainia huthibitisha kwamba limefika. Mkuu huandika maelekezo kwa kalamu, jalada hurudi masjala, kisha huenda kwa afisa wa kulifanyia kazi. Afisa huandika dokezo, na safari ya kurudi juu huanza. Kazi hii ina taaluma yake. Watunza kumbukumbu husomea Chuo cha Utumishi wa Umma, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 ndiyo inayowaongoza. Anayeidharau masjala hajawahi kutafuta barua ya kuthibitishwa kazini iliyoandikwa miaka ishirini iliyopita.

Njia hiyo ilikuwa na udhaifu unaojulikana na kila Mtanzania aliyewahi kufuatilia kiwanja au mafao: jalada halionekani. Kupotea kwa jalada kulikuwa ajali mara moja moja, na mara nyingine biashara. Mtu aliyejua lilipo alikuwa na kitu cha kuuza. e-Office inapofanya kazi kama ilivyokusudiwa, barua huskaniwa ikifika, hupewa namba, hupelekwa kwa mhusika ndani ya mfumo, na kila aliyeishika anaonekana pamoja na muda aliokaa nayo. Hapo ndipo penye mapinduzi. Mwananchi anafurahi, mkuu wa taasisi anafurahi, lakini watu wawili wamepoteza kitu. Aliyekuwa akiuza habari ya jalada lilipo amepoteza bidhaa. Na mkuu wa idara aliyezoea kuliacha jalada mezani kwa wiki mbili, kisha akasema halijamfikia, amepoteza maficho.

Huyu wa pili ndiye anayeshinda vita mara nyingi, kwa sababu ana cheo. Hapingi mfumo hadharani; huusifu kwenye kikao. Kisha humwambia katibu muhtasi amchapie barua zilizoingia, azisome kwenye karatasi, aandike maelekezo kwa kalamu yake, na katibu ayaandike upya ndani ya mfumo kwa niaba yake, akitumia nywila ya bosi. Kwenye takwimu ofisi hiyo inatumia e-Office kikamilifu. Kwa kweli imeongeza hatua mbili na kununua wino zaidi. Mafunzo mengine hayatatibu hali hii, maana bosi anajua kabisa kubofya. Tiba yake ni mkubwa zaidi ya huyo kukataa kupokea dokezo la karatasi, hata liwe la dharura, hata liletwe na rafiki. Katika taasisi za Kitanzania, ambamo macho ya walio chini humwangalia aliye juu kabla ya kunyanyua kalamu, siku moja ya katibu tawala au mkurugenzi kurudisha karatasi ina uzito kuliko semina elekezi tatu.

Wapo waliolichunguza jambo hili mapema, wakati kompyuta zenyewe zilikuwa bado ngeni maofisini. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani, Jonathan Grudin, aliandika kuhusu sababu za programu za kazi za pamoja kushindwa. Mfano wake mmoja ulikuwa kalenda ya pamoja ya ofisi. Anayefaidi kalenda hiyo ni mkuu anayetaka kuitisha kikao, maana anaona papo hapo nani ana nafasi. Anayeifanyia kazi ni kila mtu mwingine, ambaye sharti aijaze kila siku hata kama yeye haitishi vikao. Basi hawaijazi, na mkuu naye hapati kitu. Hoja yake ni fupi na haijachakaa: pale anayebeba kazi si anayevuna faida, mfumo utakufa au utaishi kwa viboko.

Hoja hiyo inaeleza sehemu kubwa ya yaliyoukuta upimaji wa utendaji kazi. OPRAS, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini, uliingizwa mwaka 2004 ukichukua nafasi ya fomu za siri. Kwa sheria yake mtumishi na msimamizi wangekaa pamoja Julai, wakubaliane malengo, wapitie maendeleo katikati ya mwaka na kufanya tathmini Juni. Kwa desturi iliyoota, fomu zilijazwa zote kwa siku moja, mara nyingi wakati wa kutafuta kupandishwa daraja, na malengo yakaandikwa baada ya kazi kwisha. Serikali ilipokuja na PEPMIS kwa watumishi, na PIPMIS kwa taasisi, katika mwaka wa fedha 2023/24, ilikuwa imeuona ugonjwa huo sawasawa. Mfumo mpya unamtaka mtumishi avunje majukumu yake katika kazi ndogondogo, aandike utekelezaji kadiri kazi inavyoendelea, na msimamizi aidhinishe humo humo. Udanganyifu wa siku moja ukawa mgumu.

Lakini faida iliangukia juu na kazi ikaangukia chini. Wizara inapata picha ya utendaji wa watumishi wa nchi nzima. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kazi yake ya Jumatatu inafanana sana na ya Jumanne, anapata kazi ya kueleza kwa maneno tofauti kwamba amefundisha. Mwalimu mkuu mwenye walimu wengi anapata foleni ya kuidhinisha. Malalamiko yaliyosikika walimu walipoanza kuutumia yalihusu simu janja, bando na mtandao, na yalikuwa ya haki, kwa sababu wengi waliingia kwenye mfumo wa mwajiri kwa simu na fedha zao wenyewe. Hata hivyo bando si kiini. Mwalimu huyohuyo hununua bando la kuangalia mpira bila kulalamika. Angelinunua kwa moyo kama kujaza kungemrudishia kitu alichokuwa akikililia: daraja lipande bila kusafiri kwenda kwa afisa utumishi, au nakala za vyeti zisiombwe kwa mara ya sita. Pale ambapo taarifa ndani ya mfumo zinampandisha mtu daraja bila yeye kubeba bahasha, upinzani hupungua wenyewe. Pale anapojaza mfumo na bado akaombwa bahasha, ana haki ya kuchukia.

Matokeo yake ni tabia ya kwenda steshenari. Mtu asiyejiamini na kompyuta humpelekea kijana wa steshenari namba ya hundi na nywila yake, analipa kidogo, kazi inakwisha. Mjini Songea, kama ilivyo miji yote, vibanda hivi ndivyo vilivyowavusha wanafunzi kwenye maombi ya mikopo na vijana kwenye maombi ya ajira. Ni huduma ya kweli na haifai kubezwa. Ila mfumo wa kupima utendaji unapojazwa na mtu asiyemjua mtumishi, upimaji umegeuka uchapaji. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 ianze kutumika Mei 1, 2023, mwajiri anayejua kwamba nywila za watumishi wake zinazunguka mitaani hawezi kusema ni jambo dogo.

Upande wa pili wa shilingi ni GePG, iliyoanza Julai 2017. Kabla yake kila taasisi ilikuwa na akaunti zake za makusanyo, na mwananchi alipanga foleni benki, akarudi na hati ya malipo, akaandikiwa stakabadhi. Sasa anapewa kontroo namba na kulipia kwa simu alipo. Mfumo huu uliingia mpaka vijijini bila mtu kumfundisha mtu. Ulikuta njia imeshalimwa, kwa sababu M-Pesa ilikuwepo nchini tangu 2008 na watu walishazoea kutuma fedha kwa kubonyeza. Anayefanya kazi ya kubonyeza ndiye anayeokoa nauli. Na dirisha la fedha taslimu lilifungwa, kwa hiyo hakuna mhasibu aliyelazimika kuendesha njia mbili. Ni kweli kuwa kulipa ni jambo jepesi kuliko kuandika dokezo. Lakini waundaji wa mifumo ya ofisini wangeiga walau hayo mawili, faida kwa mbebaji na kufungwa kwa dirisha la zamani, wangejiokolea mengi.

Yapo mazingira ambamo hata faida ikiwepo watu hawashirikiani, kwa kuwa ofisi yenyewe haijawahi kulipa ushirikiano. Wanda Orlikowski wa chuo cha MIT alichapisha mwaka 1992 uchunguzi wake katika kampuni kubwa ya ushauri iliyokuwa imegawa programu ya Lotus Notes kwa wafanyakazi wake ili wachangie ujuzi. Programu ilifungwa kwenye kompyuta haraka, maelezo yakawa machache. Wafanyakazi waliielewa kama chombo cha mtu binafsi, cha barua pepe na mahesabu. Katika kampuni hiyo mtu alipanda cheo kwa kujua asichojua mwenzake, na kila saa ya kazi ilipaswa kutozwa kwa mteja fulani, ilhali saa ya kujifunza programu haikuwa na mteja. Kwa hiyo hakuna aliyejifunza, na aliyejifunza hakumwaga ujuzi wake hadharani.

Ofisi za halmashauri hazitozi wateja kwa saa, lakini zina toleo lao la ugonjwa huo. Afisa anayejua peke yake namna ya kufunga hesabu kwenye mfumo hapati sifa kwa kuwafundisha wengine. Hupata sifa kwa kuitwa usiku na kuokoa jahazi. Akienda likizo, kazi inasimama, na kusimama huko ndiko kunakothibitisha umuhimu wake. Akihamishwa, ujuzi unahama naye. Uhamisho wa watumishi ni jambo la kila mwaka, lakini ni nadra mpango wa kuingiza mfumo ukaonyesha kata itafanya nini siku mtu wake mmoja aliyefunzwa anapopata barua ya kwenda wilaya nyingine.

Teknolojia ya kazi za pamoja iliyofaulu kuliko zote katika ofisi za kata haikuletwa na mtu. Ni kundi la WhatsApp. Wito wa kikao, picha ya ukuta wa darasa uliofikia usawa wa lenta, majina ya waliohudhuria, barua iliyopigwa picha, yote hupita humo. Hakukuwa na uzinduzi wala posho ya mafunzo. Liliingia kwa kuwa kila aliyelitumia alipunguza safari yake mwenyewe. Wanaoshangaa kwa nini watumishi wanaokwepa mfumo rasmi wako WhatsApp tangu alfajiri wangeanzia hapo badala ya kuwaita wavivu.

Hata hivyo WhatsApp ni ofisi isiyo na masjala. Maelekezo hutolewa saa nne usiku na asiyejibu huonekana mkaidi. Mtendaji akihamishwa au simu ikiibwa, kumbukumbu za mwaka mzima huondoka. Hakuna anayeweza kuonyesha, miezi minane baadaye, nani aliidhinisha nini. Siri za wanafunzi na wagonjwa hukaa kwenye simu za watu binafsi pamoja na picha za harusi. Mkuu wa kazi mwenye busara hapigi marufuku kundi, maana litahamia kwenye kundi lingine asilomo. Huligawia kazi yake: taarifa na wito vibaki humo, uamuzi wowote wenye fedha au haki ya mtu uingie kwenye mfumo rasmi, na asilimwe mtu barua kwa kutosoma ujumbe wa usiku.

Mafunzo ndiyo sehemu ambayo bajeti huonekana na matokeo hayaonekani. Desturi ni mafunzo ya wakufunzi. Maafisa wawili watatu wa halmashauri huitwa Dodoma au Morogoro kwa siku tano, hurudi na kuwafundisha wakuu wa idara kwa siku mbili, nao huwafundisha wa kata kwa asubuhi moja, mtandao ukiwa umegoma na mwezeshaji akionyesha picha za skrini ukutani. Anayefika mwisho wa mnyororo ndiye atakayeutumia mfumo kila siku, na ndiye aliyepata kidogo kuliko wote.

Mkoa wa Ruvuma, ilipo Songea, una namna nyingine ya kujifunza ambayo kila mkulima wa mahindi anaijua, nayo ni shamba darasa, yaani kujifunza kwa kutazama zao likilimwa. Si ajabu kwamba utafiti maarufu kuliko wote kuhusu namna jambo jipya linavyoenea ulihusu mahindi pia. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha habari za wakulima 259 wa jimbo la Iowa, Marekani, waliofikiwa na mbegu chotara ya mahindi. Kati ya 1928 na 1941 wote isipokuwa wawili walikuwa wameipokea. Wengi walisikia habari zake kwanza kwa wauzaji wa mbegu, lakini kilichowashawishi kuipanda ni jirani. Tena walianza na kipande kidogo, wakapanua mwaka hadi mwaka. Everett Rogers, aliyeandika kitabu kikuu cha taaluma hiyo mwaka 1962, alikulia kwenye shamba la Iowa, na baba yake alikuwa miongoni mwa waliosita. Ukame wa 1936 ulipokuja, mahindi ya jirani yalisimama na yake yakanyauka. Hapo hakuhitaji tena mtaalamu.

Kwa ofisi maana yake ni hii. Kata moja, au shule moja, ipewe mfumo mpya miezi mitatu kabla ya wengine, ipewe na mtu wa TEHAMA wa kuitembelea kila wiki, iruhusiwe kukosea bila barua ya onyo, na waundaji wasikilize inachosema na kuubadili mfumo kwa hilo. Kisha mtendaji wa kata hiyo, si mwezeshaji kutoka makao makuu, ndiye awaonyeshe wenzake wa kata jirani. Mwalimu anamwamini mwalimu aliyeshika darasa la watoto sitini na bado akapata muda wa kujaza. Njia hii ni ya polepole, na viongozi hawaipendi kwa sababu uzinduzi wa nchi nzima hupigwa picha vizuri zaidi. Lakini nchi nzima kukosea siku moja ni gharama kuliko kata moja kukosea kwa miezi mitatu.

Songea ina historia yake ya somo hili, iliyo nzito kuliko mfumo wowote wa kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Litowa na vijiji vingine vya huku viliunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wanavijiji wakalima na kuendesha shule na miradi kwa pamoja, kwa kukubaliana wenyewe kwenye mikutano yao. Mwalimu Nyerere aliona humo mfano hai wa alichokuwa akikifikiria, na mawazo ya ujamaa vijijini ya 1967 yaliathiriwa na waliyoyafanya. Septemba 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa Kamati Kuu ya TANU. Miaka michache baadaye, kati ya 1973 na 1976, nchi ikahamishiwa vijijini kwa amri. Umbo la kijiji lilibaki lilelile: nyumba kwa safu, shamba la pamoja, kamati. Kilichoondoka ni watu kuamua wenyewe, na shamba la pamoja halikudumu. Hakuna mtumishi atakayevunjiwa nyumba kwa sababu ya e-Office, na ulinganisho huu usivutwe kupita kiasi. Ila mantiki ya kuchukua kitu kilichoota kwa hiari na kukisambaza kwa waraka ingali hai katika utawala wetu.

Kuhusu miundombinu hayahitajiki mengi. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, na bila hatua hiyo mazungumzo yote ya ofisi mtandao yangekuwa ndoto. Mgao wa umeme uliorudi nchini mwishoni mwa 2023 na hitilafu ya nyaya za baharini ya Mei 12, 2024, iliyopunguza kasi ya intaneti Afrika Mashariki, vilikumbusha kwamba mfumo utakuwa chini siku fulani. Ofisi iliyojiandaa ina utaratibu ulioandikwa wa siku hiyo: fomu gani ya karatasi itumike, nani ataingiza taarifa mtandao ukirudi, na kwa muda gani. Ofisi isiyojiandaa humwambia mgonjwa au mlipa kodi arudi kesho. Vishikwambi vya Sensa ya 2022, vilivyogawiwa kwa walimu baada ya hesabu kukamilika, vilipunguza pengo la vifaa. Kifaa bila fungu la matengenezo, hata hivyo, ni ahadi ya miaka miwili tu.

NeST inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa imewavuta ndani watu walio nje ya utumishi wa umma. Mfumo huu ulianza kutumika Julai 2023 ukichukua nafasi ya TANePS, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 ikautilia nguvu. Fundi wa mtaani anayetaka kazi ya kujenga choo cha shule naye sharti asajiliwe humo. Kwa upande mmoja hii inafungua mlango uliokuwa wa wajuana. Kwa upande mwingine fundi hodari wa kupiga lipu, asiyejua barua pepe ni nini, anaweza kupitwa na asiyejua lipu ila ana mtoto anayejua kompyuta. Usimamizi wa mabadiliko hapa hauishii kwa watumishi. Ofisi ya kata ingetenga siku moja kwa mwezi kuwasajili mafundi wake, gharama ingekuwa kikombe cha chai na bando, na ushindani ungekuwa wa kweli.

Linabaki lile linalosahaulika kuliko yote: kufunga. Waraka unaoanzisha mfumo huwa na kurasa za kueleza kitakachoanza na hauna hata mstari wa kutaja kitakachokoma. Mtendaji anaingiza mapato kwenye mashine ya POS, kisha anaandika daftari, kisha anatuma jedwali kwa WhatsApp kwa sababu mkuu wa idara analitaka kabla ya saa kumi. Zahanati inaingiza takwimu kwenye mfumo na bado inajaza rejista ileile kwa kalamu, kwa kuwa mkaguzi akija ataitaka. Kila mmoja anayeomba nakala yake ana sababu, wala hakuna aliyekosea peke yake. Kwa pamoja wamefanya mfumo mpya uwe kazi ya nyongeza, na mtumishi aliyeongezewa kazi bila kupunguziwa atachagua mwenyewe ipi aifanye vibaya. Kwa kawaida huchagua ile ambayo bosi wake wa karibu haitazami, nayo ni ya kwenye kompyuta.

Karatasi haifungwi kwa ghafla. Kuna kipindi cha kuendesha njia mbili, na ni cha lazima, maana taarifa za zamani zinapaswa kuhakikiwa kwanza. Lakini kipindi hicho kiwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na wakaguzi, wa ndani na wa nje, wawe wamekubali kwa maandishi kwamba baada ya tarehe hiyo watakagua ndani ya mfumo. Bila sahihi ya mkaguzi hakuna mhasibu atakayethubutu kuliacha daftari, na atakuwa sahihi.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, na rasimu za bajeti hupita mbele ya madiwani miezi kadhaa kabla. Fungu la TEHAMA litakapofika mezani, diwani wa Msamala na wenzake wa Manispaa ya Songea wamwombe Mkurugenzi orodha ya rejista, fomu na taarifa za karatasi ambazo zitakoma kudaiwa kwa watendaji, walimu na wahudumu wa afya mwaka huo, na tarehe ya kila moja kukoma. Orodha hiyo ikikosekana, fungu lirudishwe kwa mtaalamu likaandaliwe upya.